Kukusanya maneno ya wazee kwa vikaratasi: njia ya Mwalimu Wossidlo

Kata karatasi kwanza. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ikunje katikati mara tatu, kisha uipasue kwenye mikunjo. Utapata vipande vinane, kila kimoja kinaenea kiganjani. Tengeneza fungu, lifunge kwa mpira, ulitie mfukoni pamoja na penseli fupi. Nasema penseli, maana kalamu ya wino hugoma pale pale mzee anaponogewa na hadithi. Simu ya kurekodi iache kwanza, tutaifikia.

Vifaa ni hivyo tu. Mtu aliyevitumia kuliko mwingine yeyote ninayemjua alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Waren, kaskazini-mashariki mwa Ujerumani, kando ya Müritz, ziwa kubwa kuliko yote yaliyomo ndani ya mipaka ya Ujerumani peke yake. Jina lake Richard Wossidlo. Darasani alikuwa mtu wa Kilatini na Kigiriki. Nje ya darasa alikusanya vitendawili, misemo, ngano, nyimbo za watoto, majina ya mimea, imani za wavuvi na maneno ya mabaharia wa nchi yake ya Mecklenburg. Alipofariki Mei 1939, akiwa na miaka 80, aliacha vikaratasi vinavyokaribia milioni mbili. Kwa hesabu ya mwaka 1910, Mecklenburg nzima ilikuwa na watu laki saba na nusu hivi. Gawanya mwenyewe.

Mimi kwetu Pangani, na kazi yangu ni kutunza wazee hapa hapa Waren. Shule ya sekondari ya mji imepewa jina la mwalimu huyu, na wazee wetu wanamtaja kwa mazoea, kama sisi wa Tanga tunavyomtaja Shaaban Robert. Ninaandika kwa sababu ndugu zangu wa nyumbani wananiuliza kila mara: bibi anazidi kuzeeka, tufanyeje ili anayoyajua yasipotee naye? Basi jibu langu ni njia ya Wossidlo. Nitaieleza kwa mpangilio wa kuifanya, na kila hatua nitasema kwa nini yeye aliifanya vile.

Bana eneo lako

Hakuwa na shabaha ya kukusanya mila za Wajerumani wote. Alichagua Mecklenburg na hakutoka humo. Alizaliwa Januari 1859 katika shamba la Friedrichshof, karibu na mji wa Tessin. Baba yake alifariki mapema, na utoto wake mwingine ulipita Körkwitz, karibu na Ribnitz, si mbali na Bahari ya Baltiki. Huko watu walisema Platt, lugha ya watu wa kaskazini, ambayo Mjerumani wa Munich akiisikia anaweza kukodoa macho tu. Alisoma vyuo vikuu vya Rostock, Leipzig na Berlin. Msomi wa namna hiyo angeweza kubaki mji mkuu akatafuta uprofesa. Yeye mwaka 1886 alichukua kazi ya ualimu Waren, akakaa nayo mpaka alipostaafu mwaka 1922.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, chagua kata, usichague mkoa. Faida yake utaiona baada ya wiki chache: ukishayajua yanayosemwa na kila mtu pale, sikio linashtuka likisikia lisilosemwa na wengine. Mkusanyaji wa nchi nzima kila kitu kwake ni kipya, hajui lipi ni la kawaida na lipi ni adimu. Faida ya pili ni miguu. Wossidlo alikuwa na vipindi vya kufundisha. Safari zake zilikuwa za mwisho wa juma na likizo. Eneo linalofikika kwa treni ya asubuhi na kutembea mchana ndilo eneo la mtu mwenye ajira.

Nenda kwa mtu ambaye haulizwi kitu

Hatua hii ndiyo watu wanaikosea zaidi. Ukifika kijijini unapelekwa kwa mwenyekiti, kwa mwalimu mstaafu, kwa mzee anayejulikana kuwa “anajua historia”. Wasalimie, kunywa chai yao, uwashukuru, halafu uendelee na safari.

Mecklenburg ya wakati ule ilikuwa nchi ya makabaila. Ardhi kubwa ilikuwa mikononi mwa wenye mashamba, na zamani zaidi mkulima aliyefungwa kwenye ardhi hakuweza kuhama wala kuoa bila ruhusa ya bwana wake. Utumwa huo wa ardhi ulifutwa kisheria mwaka 1820, lakini wengi waliachwa huru bila kipande cha shamba, ndiyo maana karne ile maelfu kwa maelfu walipanda meli kwenda Marekani. Wossidlo alipoanza kuzunguka miaka ya 1880, wazee aliowakuta walikuwa wamelelewa na watu waliouonja utumwa ule. Hao ndio aliowafuata: vibarua wa mashambani, wachungaji wa kondoo, vijakazi, wavuvi, wajane. Watu ambao mchungaji wa kanisa na karani wa wilaya walikuwa wakiwaamuru tu.

Matokeo yake unayaona kwenye ngano zenyewe. Wamejaa mabwana wakatili ambao wakishakufa kaburi haliwatulizi. Wanazunguka usiku, wanaonekana kwenye mipaka ya mashamba waliyoyapora. Angeuliza makabaila wenyewe, angepata hadithi za mashujaa na farasi wao.

Walikuwepo pia mabaharia. Kwenye rasi ya Fischland, vijiji kama Wustrow vilikuwa vya manahodha na wana wa manahodha, watu wa meli za tanga. Zama zake, meli za mvuke zilikuwa zinazimaliza meli za tanga moja baada ya nyingine. Alikaa na wale wazee akaandika kila kitu: kamba iliitwaje, upepo uliitwaje, kipi kilikuwa mwiko ndani ya meli, walimcheka vipi kijana wa kwanza kusafiri. Kitabu cha mambo hayo hakikutoka mpaka alipokwisha kufa. Kilitoka miaka ya 1940 kwa kazi ya mhariri Paul Beckmann. Mtu yeyote aliyekulia karibu na bandari ya majahazi anajua thamani yake. Nahodha akifa, kamba zake zinabaki, lakini majina ya kamba yanaondoka naye.

Ukitengeneza orodha yako, basi, andika kazi kwanza, majina ya watu baadaye. Kazi gani kwenye kata yenu inakufa? Aliyeshona matanga, aliyepika chumvi, aliyesuka mitego ya samaki, aliyefua vyuma, mkunga, kungwi. Anza na ile iliyobakiwa na mtu mmoja.

Toa kabla hujaomba

Mwaka 1906 Wossidlo alichapisha makala kuhusu ufundi wenyewe wa kukusanya, katika jarida la chama cha Berlin cha watafiti wa mila. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Rostock kilimpa udaktari wa heshima. Alikuwa keshapata miaka ishirini ya kukaa kwenye viti vya watu, na ufundi wake mkubwa ulikuwa huu: hakuhoji. Alifika, akasema Platt, akazungumzia mvua na viazi, akatoa hadithi yake mwenyewe. Akishaitoa, mwenyeji naye anakuwa na deni.

Hili nimelijaribu mwenyewe, nami nitalieleza kwa karibu kidogo maana ndilo linalotenganisha anayepata na anayerudi mikono mitupu.

Tulikuwa na bibi ambaye asubuhi hakutaka maneno na mtu. Ukimuuliza umelalaje anageukia ukutani. Siku moja ya theluji nikamvalisha soksi, nikawa nasema peke yangu, kwa Platt yangu ya kuokoteza: “Alikuja ndege asiye na manyoya, akatua juu ya mti usio na majani...” Nikanyamaza pale, nikaanza kutafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Sikumtazama. Kikapita kitambo. Halafu kutoka juu ya kichwa changu nikasikia sauti nyembamba inamalizia: akaja bibi asiye na mdomo, akamla ndege asiye na manyoya.

Ni kitendawili kinachojulikana sehemu kubwa ya Ujerumani. Ndege ni theluji, bibi ni jua. Lakini alipokimaliza hakuishia hapo. Akasema kwao walikuwa wanakitega jikoni wakati wa kunyonyoa bata bukini, na anayeshindwa kutegua alipewa bata mwingine wa kunyonyoa. Hilo la bata nisingelipata kwa swali lolote. Ningeuliza nini? “Bibi, vitendawili mlikuwa mkitega mkifanya kazi gani, na adhabu ilikuwa nini?” Angegeukia ukutani.

Angalia mambo matatu yaliyofanya kazi pale. Nilitoa nusu, maana nusu inawasha, ila kitu kizima kinapokelewa kwa “ahaa” tu. Nilikuwa na shughuli mikononi, hivyo hakuona kwamba namsubiri. Na nilitoa cha kwao, katika lugha yao, hata kama matamshi yangu yalikuwa ya kuchekesha. Kwetu jambo hili ni jepesi zaidi kwa sababu mila ya “kitendawili – tega” bado iko hai. Mwenzako anajua kabisa kwamba ukitega naye ana haki ya kutega.

Ukisikia unalolijua, usiseme “hili nalijua”. Uso uwe wa mtu anayesikia mara ya kwanza. Si unafiki, ni adabu ya kazi, tena mara nyingi mwisho wake hutofautiana na ule unaoujua.

Andika kama lilivyotoka mdomoni

Hapa Wossidlo alikuwa mkali. Kama mzee alisema Platt, kikaratasi kiliandikwa kwa Platt, na kama kijiji kile kina Platt yake, ikaandikwa hiyo hiyo. Kumbuka alikuwa mwalimu katika shule ambayo kazi yake ilikuwa kumtoa mtoto kwenye Platt na kumweka kwenye Kijerumani cha vitabu. Mchana alisahihisha sarufi, jioni aliandika sentensi ambazo asubuhi angezipiga mstari mwekundu. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa ile milioni mbili.

Mwaka 1899 alitoa kitabu kizima kuhusu wanyama katika vinywa vya watu: wanyama wanasemaje, ndege wanaimba nini. Kaskazini mwa Ujerumani kware akilia wakati wa mavuno, waliokuwa wakivuna walimsikia akisema “Bück den Rück!”, inamisha mgongo. Sasa fikiria anayesikia hivyo ni kibarua anayevuna shamba la bwana kuanzia alfajiri. Ukiiandika kwa lugha ya ripoti, “wakulima waliamini kware huhimiza kazi”, umemuua kware, umeua na kejeli yote iliyokuwa ndani yake. Andika alichosema kware.

Kwa hiyo kama shangazi anasema Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya kwetu, andika Kimtang'ata. Kama anachanganya Kizigua katikati, acha Kizigua mahali pake. Matusi nayo yaache, uyaweke kwenye sanduku lake. Mabaharia wasingekuwa mabaharia bila hayo. Ukishindwa kulitambua neno, liandike linavyosikika, weka alama ya kuuliza pembeni, ukaulize kwa mtu mwingine kesho. Usilitengeneze.

Jambo moja, kikaratasi kimoja

Sasa tumefika kwenye kiini, na kwangu mimi Wossidlo ni mkubwa kwa sababu ya hatua hii. Waliokwenda vijijini wakaandika madaftari walikuwa wengi, nchi zote. Daftari lina ubaya wake: mambo yamefungwa pamoja kwa mpangilio wa siku uliyoyasikia. Ukitaka vitendawili vyote vya yai, unapekua daftari zote. Yeye aliandika haraka haraka akiwa mbele ya msimulizi, kisha akavunja vunja kila mazungumzo: kitendawili kikaratasi chake, msemo chake, jina la upepo chake.

Kikaratasi kinabeba vitu vichache na havibadiliki. Juu kabisa, neno la kukipangia. Katikati, maneno yenyewe, bila maelezo yako. Chini, aliyesema ni nani, kazi yake, kijiji chake, na mwaka. Nakupa mfano wa kwetu:

YAI
“Nyumba yangu haina mlango.”
Mama mkulima, umri wa miaka 70 na zaidi. Kijiji. Mwaka. Alikisikia kwa bibi yake mzaa mama.

Maoni yako, kama unayo, yaende nyuma ya karatasi. Mbele ni mali ya msimulizi.

Ukipata kitendawili hicho hicho kwa mtu wa pili, andika kikaratasi cha pili. Usiseme “tayari ninacho”. Kitabu cha kwanza cha mfululizo wake mkuu, cha mwaka 1897, kilikuwa cha vitendawili vitupu, na kinaonyesha jambo hili vizuri: kitendawili kimoja kinafuatwa na namna zake mbalimbali, kila namna na mahali ilikosikika. Kwa njia hiyo unaona maneno yanavyotembea kutoka kijiji hadi kijiji. Kwa mfano wa yai, Wajerumani wengi wanalifumba kama kipipa kisicho na pete wala kamba, ndani mna bia za aina mbili. Sisi nyumba, wao pipa la bia. Kila mtu na shida zake. Na mahali fulani kati ya kijiji na kijiji kuna mtu aliyebadilisha neno moja, na ukiwa na vikaratasi vya kutosha unaweza kuuona mpaka wa neno lake kwenye ramani.

Kuhusu jina la aliyesema, nitatoka nje ya Mecklenburg kidogo, kwa sababu linatuhusu. Miaka ile ile Wossidlo akitembelea vibarua, Wajerumani wengine walikuwa wakikusanya kwetu. Mwaka 1903 Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni, alitoa kitabu cha desturi za Waswahili. Sehemu kubwa ya maneno yale ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Kwa miaka mingi kitabu kilitajwa kwa jina la Velten tu. Na mwaka 1907 mpaka 1908, mtoto wa ukoo uliotawala Mecklenburg yenyewe, Adolf Friedrich, aliongoza msafara kupitia Ruanda na nchi za maziwa mpaka Kongo, pamoja na wataalamu waliopima miili ya watu. Mwalimu wa Waren alikuwa raia wa nchi ya ukoo huo huo. Yeye alikwenda kwa miguu kwa jirani zake, akaandika jina la kibarua chini ya neno la kibarua. Huo ndio mstari wa chini wa kikaratasi. Usiuruke.

Ila uwe mwangalifu: kuandika jina kwenye kikaratasi chako ni jambo moja, kulitangaza ni jingine. Muulize msimulizi. Hapa Ujerumani sheria za faragha ni kali, na kwenye nyumba ya wazee ni kali zaidi. Mimi kwenye vikaratasi vya wazee wetu ninaandika kijiji walikozaliwa na kazi waliyofanya, basi, na hata hivyo kwa idhini yao. Nyumbani, kuna mambo ya unyago na ya uganga ambayo mwenyewe atakwambia “hili si la karatasi”. Funga fungu lako, litie mfukoni.

Simu

Rekodi, kama mwenyewe karuhusu. Sauti ina mambo ambayo penseli haiyawezi: kituo, kicheko, wimbo. Lakini rekodi ya saa tatu ni kama ghala lisilo na mlango. Kila kitu kimo na hakuna anayeingia. Kwa hiyo usiku ule ule, kabla ya kulala, isikilize ukiwa na vikaratasi mbele, uitoe moja moja. Chini ya kila kikaratasi andika jina la faili na dakika. Ukiacha mpaka wikiendi utakuta rekodi nyingine tatu zimeshaongezeka, na hutazifungua tena.

Masanduku

Wossidlo alipanga kwa jambo, si kwa mtu wala kwa tarehe: wanyama na wanyama, watoto na watoto, bahari na bahari, wafu na wafu. Maboksi ya viatu yanatosha kabisa kwa kuanzia. Weka kadi ngumu zilizochomoza juu kama vitenganishi. Kikaratasi kinachostahili mahali pawili, kinakiliwe mara mbili. Ni kazi ya dakika moja ambayo itakuokolea mchana mzima.

Makundi usiyatunge mapema. Anza na matano au sita, ukiona sanduku la “mengineyo” linavimba, lifungue utazame nini kimejirundika mle. Ndivyo makundi yanavyojizaa.

Tafuta watu wa kukuletea

Hakuna mtu mmoja anayeweza kuandika vikaratasi milioni mbili. Mwaka 1890 chama cha historia cha Mecklenburg kilichukua jukumu la ukusanyaji na kumkabidhi Wossidlo, naye akatoa wito magazetini, akauliza maswali kwa umma, akapata wasaidizi zaidi ya elfu moja: walimu wa vijiji, wanafunzi wake na wengineo. Walimtumia barua, yeye akazivunja kuwa vikaratasi.

Leo gazeti lako ni kundi la WhatsApp la ukoo. Usiulize “jamani nani anajua mila zetu?”, watakutumia picha za ua waridi na salamu za Ijumaa. Uliza jambo dogo linalojibika kwa mstari mmoja. “Kwenu mtoto aking'oka jino la kwanza linatupwa wapi, na anasema nini?” Siku hiyo hiyo utapata majibu, na majibu yatabishana, na kwenye ubishi ndimo mali ilimo. Kila jibu lina mtu na mahali tayari. Na mshukuru kila mtu kwa jina lake, mbele ya wenzake. Kesho yake atampigia simu mama yake kukutafutia lingine.

Toa kitu mapema

Hapa simfuati mwalimu wangu. Katika maisha yake alitoa vitabu vinne vya mfululizo wake mkuu: vitendawili 1897, wanyama 1899, malezi ya watoto 1906, nyimbo za watoto 1931. Miaka 25 kati ya cha tatu na cha nne! Kulikuwa na ualimu, kulikuwa na vita, najua. Ngano zake zilitoka mwaka aliofariki. Kamusi ya lugha ya Mecklenburg, aliyoianza pamoja na profesa Hermann Teuchert, ilikamilika mwaka 1992 katika vitabu saba, miaka 53 baada ya yeye kuzikwa. Wazee wengi waliompa maneno hawakuyaona yakichapishwa.

Kwa hiyo kila unapofikisha vikaratasi mia vya jambo moja, chapa kurasa kumi, zitoe nakala, zirudishe kwa waliosema. Mzee akiliona neno lake kwenye karatasi atakurekebisha, na masahihisho hayo nayo ni vikaratasi.

Kuviona vyenyewe

Vikaratasi vya Wossidlo viko Rostock, na Chuo Kikuu cha Rostock kimeviweka kwenye intaneti kwa jina la WossiDiA. Ukifungua, tafuta kwa jina la kijiji au kwa jambo, utaona picha ya kikaratasi chenyewe, na mwandiko wa mtu aliyekuwa anaharakisha. Kama hujui Kijerumani bado inafaa kutazama, ili uone jinsi karatasi ndogo inavyoweza kutosha. Kama unajua Kijerumani, soma kwa sauti. Platt kwenye karatasi inatisha, ikifika sikioni nusu yake unaielewa. Barua nyingi za wasaidizi ziko kwa mwandiko wa kale ambao herufi e inafanana na n, kwa hiyo jipatie jedwali la herufi hizo kwanza.

Vyako navyo usivifungie ndani. Piga picha kila kikaratasi, mbele na nyuma, kwa mpangilio wa masanduku. Nakala moja iwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine, kwa ajili ya moto na mchwa. Ukishakuwa na mkusanyiko wa maana, zungumza na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nyaraka za Taifa kama uko Unguja. Nenda na sanduku moja lililopangwa, wakuone unajua unachokifanya.

Na kama unataka pa kuanzia jioni hii: tega nusu ya kitendawili, uliza jino la kwanza, uliza ndege gani akilia mtu anajibu na anajibu nini, uliza upepo wa mwezi huu unaitwaje na uliitwaje zamani. Andika ukiwa umeinama kidogo, usimkazie macho, na usiwe wa kwanza kuinuka.